Pesa ya madhabahuni: tunaitafuta kwenye bahasha, na iko kwenye maiki

Uzi kidogo kuhusu pesa za siasa na dini, kwa sababu kila msimu wa kampeni tunapigana hapa juu ya jambo hili.

Swali ambalo watu huuliza ni: kanisa gani linampa mwanasiasa gani pesa? Lakini ukifuata historia ya Kenya, hela taslimu zimetembea sana upande ule mwingine. Wito wa Harambee wa 1963 ulikuwa wa wananchi kujijengea shule na zahanati, kila mtu na alichonacho. Kufikia miaka ya themanini, harambee ilikuwa jukwaa la siasa. Mgeni wa heshima anakuja na mchango wake "na wa marafiki", na hao marafiki hawatajwi. Mtu akitaka kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu hii pesa, aanze na hao marafiki.

Sasa, kanisa linarudisha nini? Si hundi. Linarudisha maiki, umati ambao tayari umekaa, na mchungaji wa kusema "huyu ni mtoto wetu". Kukodi hema na spika na kusafirisha watu elfu moja ni gharama. Jumapili ni bure. Huo ndio ufadhili uliofichika, na hakuna mkaguzi atauona kwenye akaunti ya benki.

Mwaka 2010 mambo yaligeuka kidogo. Viongozi wengi wa makanisa walipinga katiba mpya kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kifungu cha uavyaji mimba. Hapo kanisa halikuwa mwenyeji wa kampeni, lenyewe ndilo lilikuwa kampeni. Tarehe 4 Agosti "Ndiyo" ikashinda kwa karibu asilimia 67, kwa hivyo mimi sinunui hoja ya ati askofu akisema, waumini wote wanafuata. Lakini mahubiri ya miezi ile yangeandikwa kama gharama ya shilingi ngapi?

Sheria? Ile ya maadili ya 2003 ilimzuia afisa wa umma kutumia cheo kukusanya harambee. Ya ufadhili wa kampeni ilipitishwa 2013, Bunge likaiahirisha hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Tume ilipochapisha viwango vya matumizi 2021, wabunge wakavikataa. Wa kuhesabiwa ndio walikuwa waamuzi, sasa ulitarajia nini?

Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likatangaza kurudisha zaidi ya shilingi milioni mbili za wanasiasa, na mtandao mzima ukalipuka. Ila hatua iliyouma zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa ya Septemba 2021, viongozi wa Kianglikana na Kikatoliki waliposema mwanasiasa aje kusali kama wengine lakini asihutubie madhabahuni. Hiyo haikugusa bahasha hata kidogo. Iligusa maiki.