Mashambulizi ya Anga ya Uganda, Ziwa Magharibi (1972)

Hujuma za ndege za kivita za Idi Amin, rais wa Uganda, juu ya miji ya Tanzania ya Bukoba, kisha Mwanza, zilifuata tukio la tarehe 17 Septemba 1972, wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, wapatao 1,000 walipovuka mpaka kutoka Tanzania kuelekea Masaka na Mbarara, wakashindwa vibaya. Ndege ya abiria waliyokusudia iwapeleke baadhi yao Entebbe ilikuwa imepasuka magurudumu ilipotua Kilimanjaro. Amin alidai kulenga kambi za waasi, ilhali mabomu yaliangukia miji, na raia wasio na hatia wakauawa: dhuluma isiyo na udhuru. Bukoba ilikuwa katika mkoa wa Ziwa Magharibi, ulioitwa Kagera baada ya vita vya Uganda na Tanzania vya 1978–79. Mapatano ya Mogadishu kati ya nchi hizo mbili, Oktoba 1972, yaliamuru majeshi yaondoke umbali wa kilomita 10 kutoka mpakani.