Mchoraji wa Mlima Wake: Habari za Sam Ntiro wa Machame

Watu wengi hudhani ya kuwa kuchora picha ni mchezo wa watoto, au ni kazi ya mtu asiye na jembe. Tena hudhani ya kuwa nchi ifaayo kuchorwa ni nchi ya mbali, yenye majumba makubwa na bustani, wala si vilima hivi tunavyovipanda kila siku na mzigo kichwani. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu mmoja wa Tanganyika, ambaye maisha yake yaonyesha ya kuwa mawazo hayo mawili hayana nguvu.

Lakini kwanza na twende Ufaransa kidogo, kwani huko lilitokea jambo litakalotusaidia kuelewa kazi yake. Zamani wachoraji wa Ulaya walioheshimiwa sana walikuwa wale waliochora wafalme, vita, na hadithi za kale, nao wakazimaliza picha zao ndani ya vyumba vyao. Mwaka 1874, mjini Paris, wachoraji kadha wa kadha wakafungua maonyesho yao wenyewe, kwa sababu wakubwa wa sanaa walikuwa wamezikataa picha zao mara nyingi. Watu hawa walitoka nje na rangi zao, wakachora mito, mashamba, na njia za vijijini. Walisaidiwa na kitu kidogo tu: tangu mwaka 1841 rangi za mafuta zilianza kutiwa katika vibomba vya bati, hata mtu akaweza kuzichukua mfukoni. Mmoja wao, Claude Monet, alionyesha picha ya jua likichomoza bandarini Le Havre, na katika jina lake alitia neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kilivyoonekana mara moja kwa jicho. Mwandishi mmoja wa gazeti akalishika neno lile ili awacheke wote, akawaita Waimpresionisti. Wao wakalipokea jina la dhihaka, likawa jina la heshima hata leo.

Huyo Monet, mwaka 1890 na 1891, alichora malundo ya ngano yaliyokuwa karibu na nyumba yake katika kijiji cha Giverny. Hakuchora picha moja akatosheka, bali alichora kama 25: malundo asubuhi, malundo jioni, malundo katika theluji. Sisi tukaao Ikonda, katika milima ya Makete, hatuna haja ya kuelezwa sana maana yake. Twajua ya kuwa kilima kile kile, alfajiri hufichwa na ukungu, saa sita huwa kijani, na jioni hugeuka rangi ya samawati. Kilima ni kimoja, bali nuru si moja. Hilo ndilo alilolitafuta Monet.

Basi jambo hilo la kuwaacha wafalme na kulitazama shamba lililo karibu, Afrika ya Mashariki nayo ilipata mtu wake. Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, katika mitelemko ya Kilimanjaro. Wasomaji wetu wasiopata kufika Uchagani wajue ya kuwa huko nyumba zi katikati ya migomba, na kila jamaa hushika shamba lake liitwalo kihamba, alilorithi kwa baba zake. Maji huletwa kutoka juu mlimani kwa mifereji iliyochimbwa na wazee wa kale, nayo hutunzwa kwa kazi ya watu wote pamoja. Katika nchi hiyo, ya watu wengi na kazi nyingi, macho ya mtoto huyu yalijifunza kutazama.

Katika miaka ya 1940 alikwenda kusoma Chuo cha Makerere, Uganda. Huko alimkuta Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, mke wa daktari, ambaye alikuwa ameanza kuwafundisha vijana kuchora katika baraza ya nyumba yake miaka michache kabla. Bibi Trowell hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwasimulia habari au jambo la maisha ya kijijini, nao wakaliona moyoni kwanza, ndipo wakalichora. Bwana Ntiro alilishika fundisho hilo hata mwisho wa maisha yake. Alipokwisha kusoma akawa mwalimu pale pale Makerere, na mwaka 1952 akaenda London katika shule ya sanaa iitwayo Slade, akakaa huko hata mwaka 1955.

Hapa tukumbuke jambo moja. Mtu akaaye miaka mitatu London huona majumba, mto Thames, na madaraja yake. Lakini Bwana Ntiro aliendelea kuchora Uchaga. Watu wake ni wadogo katika picha, wengi pamoja, wakilima, wakivuna, wakibeba mizigo, wakiwa sokoni, na nyuma yao na juu yao ni migomba na vilima. Hapo ndipo alipoachana na Waimpresionisti, wala hatuwezi kumhesabu kuwa mmoja wao. Monet alisimama mbele ya kitu akaiwinda nuru kabla haijapita. Bwana Ntiro alichora kwa kukumbuka, tena kwake nchi bila watu wafanyao kazi haikuwa nchi kamili. Wako waliosema ya kuwa picha zake zafanana na za mtoto, kwa kuwa hakufuata kanuni za Ulaya za kuonyesha umbali na vivuli. Lakini mtu aliyesoma Slade hakukosa kuzijua kanuni hizo. Alichagua njia yake.

Wala hakutumia rangi peke yake. Mwaka 1953 kilitoka kitabu chake cha Kiswahili, *Desturi za Wachagga*, na ni dhahiri ya kuwa kitabu na picha vilifanya kazi moja. Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. Pombe ile hufanywa kwa ndizi na ulezi, nayo katika desturi za Wachagga ilikuwa sehemu ya mapatano ya ndoa, kama vile katika nchi nyingine hutolewa jembe au ng'ombe. Mwaka 1960 picha hiyo ikaingia katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, huko Marekani. Tufikiri jambo hilo: safari ya usiku ya watu wa kijijini, waliobeba vyombo vyao kwenda ukweni, imetunzwa katika mji mkubwa sana wa ulimwengu pamoja na picha za mafundi mashuhuri.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Bwana Ntiro alitumwa London kuwa balozi wa nchi yetu, akaishika kazi hiyo hata mwaka 1964. Baadaye alisimamia mambo ya utamaduni serikalini, akafundisha pia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mkewe, Bibi Sarah, mzaliwa wa Hoima nchini Uganda, naye alikuwa mwalimu mwenye sifa, aliyepata shahada yake Oxford mwaka 1954. Bwana Ntiro alifariki mwaka 1993.

Sasa yatupasa kuuliza, habari hizi zatufaa nini sisi? Nchi hubadilika. Barafu ya Kilimanjaro iliyoonekana mwaka 1912, zaidi ya robo tatu yake imekwisha potea. Hapa kwetu nako, vilima vilivyokuwa nyasi tupu siku za babu zetu leo vimevaa misindano, na vijana wengi wamekwenda mijini. Kazi za kualikana zapungua, na wazee waliozijua nyimbo zake na mpango wake wanatutoka mmoja mmoja. Mtu akifa na yale aliyoyaona, hakuna wa kumwuliza tena. Lakini yaliyochorwa au kuandikwa hubaki, hata mjukuu asiyezaliwa bado aweza kuyatazama.

Kwa hiyo mzazi akimwona mtoto wake akichora kwa mkaa ukutani, asiwe mwepesi wa kumpiga. Ampe karatasi, kisha amwulize, "Hawa ni nani, nao wafanya kazi gani?" Na sisi walimu tusiwape watoto wetu picha za kigeni tu za kuiga, bali tuwatume watazame shamba la viazi, watu njiani siku ya gulio, na ukungu uondokapo bondeni, kisha warudi wachore waliyoyaona. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Bwana Ntiro alifika London na picha zake zikafika New York, lakini mlima wa kwao hakuuacha.