Michoro ya Ukutani Katika Arua na Koboko: Historia, Lugha na Zana Shirikishi za Kidijitali

Makala haya yanajadili namna zana shirikishi za kidijitali, yaani zile zinazomwezesha mtazamaji kukuza picha, kugusa sehemu yake na kusikiliza maelezo, zinavyoweza kutumika kuhifadhi michoro ya ukutani ya Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hoja yetu ni kwamba zana hizo zitaifaa historia ya West Nile iwapo zitahifadhi maelezo ya wenyeji pamoja na picha, tena katika lugha ambazo maelezo hayo husemwa.

Michoro inayohusika haidumu. Nyumba za udongo hukandikwa upya na mapambo yake huondoka. Kuta za maduka hupakwa matangazo ya kampuni za simu, kisha ya mshindani wake. Kuta za shule hubeba ramani, sehemu za mwili na mawaidha ya afya. Kwa mwanahistoria, ushahidi umo katika mfuatano huo: ni nani aliugharimia ukuta, kwa lugha gani, na ni nani aliyetarajiwa kuusoma. Picha moja, hata iwe safi namna gani, haiwezi kujibu maswali hayo.

Mifano miwili ya kanda hii inasaidia kulifafanua jambo hili. Katika miamba ya Nyero, wilayani Kumi, kuna miduara myekundu iliyochorwa mmoja ndani ya mwingine. Programu ya DStretch, iliyobuniwa na Jon Harman, huweza kuidhihirisha michoro ya miambani iliyofifia, lakini haiwezi kuturudishia kauli za waliochora. Kwa upande mwingine, Elimo Njau, aliyesomea Makerere, alikamilisha mwaka 1959 michoro mitano ya maisha ya Kristo katika kanisa kuu la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Aliiweka Injili katika mandhari ya Wagikuyu. Michoro hii tunaielewa kwa kuwa mchoraji, mahali na kusudi vinajulikana. Arua na Koboko bado zinaweza kufuata njia ya Murang'a, kwa sababu wengi wa wachoraji na wakandikaji wake wangali hai.

Hapo ndipo suala la lugha linapoingia. Katika miji hii husikika Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili. Kiswahili kilienea hapa kwa kiasi kikubwa kupitia jeshi, ambalo tangu enzi za King's African Rifles liliajiri vijana wengi wa West Nile. Kwa hiyo masikioni mwa Waganda wengi kimebeba kumbukumbu ya amri na bunduki. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wake. Hadhi hiyo isiwe sababu ya kuandaa zana hizi kwa Kiswahili pekee. Mkandikaji wa Koboko akilazimika kueleza kazi yake kwa lugha asiyoifanyia kazi hiyo, majina ya aina za udongo na rangi yanaweza kupotea kabla ya rekodi kukamilika. Sauti ya asili itangulie. Kiswahili kiwe daraja la kumfikishia msikilizaji wa Bunia, Juba au Dodoma.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ukuta uleule upigwe picha kila mwaka, na tarehe iandikwe. Pili, msimulizi aombwe ridhaa, na wenyeji wapewe uwezo wa kusahihisha maelezo. Bila hivyo ushirikishi utabaki jina tu. Tatu, zana zifanye kazi kwenye simu za kawaida bila intaneti, na nakala zibaki katika shule na maktaba za eneo lenyewe. Rangi ikishafunikwa, picha ya zamani huenda ikapatikana. Aliyeichora akishafariki, maelezo yake hayapatikani tena.