Mashine Iliyotoka kwa Chungu Kilichovunjika

Ozi hakuna mawe. Kijiji hiki kiko karibu na mlango wa Mto Tana, juu kidogo ya Kipini, na ardhi yake yote ni udongo ulioshushwa na mto kutoka bara, mafuriko baada ya mafuriko. Wapokomo wamelima mpunga na ndizi humo vizazi kwa vizazi. Ukitaka kinoo cha kunolea panga lako, basi kimetoka kwingine, kikaletwa.

Sasa hebu jiweke pwani hii miaka 1,200 iliyopita. Unataka ushanga wa duara, laini, wa kuvaa shingoni. Tupa ya chuma huna. Karatasi ya msasa bado miaka elfu moja ije. Mota ya umeme tusiiseme. Utafanyaje?

Jibu limelala Shanga. Ukitoka na chombo mlangoni mwa Tana ukashika kaskazini mashariki, ukapita Lamu na Manda, utafika kisiwa cha Pate, na upande wake wa kusini kuna magofu ya mji huo. Mwanaakiolojia Mark Horton aliyachimba miaka ya 1980. Katika tabaka za chini, za zama ambazo mji ulikuwa bado vibanda vya miti na udongo, vilipatikana vigae vya vyungu vyenye mifereji myembamba iliyochimbika kwa kusuguliwa. Vigae vya namna hiyo vimepatikana sehemu nyingi za mwambao. Kule Tumbe, Pemba, Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walivikuta kwa maelfu.

Kazi yake ilikuwa hivi. Unavunja kombe la baharini vipande vidogo. Unakitoboa kila kipande katikati kwa keke. Unavitunga vyote kwenye uzi, vikiwa bado na pembe na makali, kisha unauburuta mtungo wako ndani ya mfereji wa kigae, mbele na nyuma, ukiuzungusha. Pembe zinaliwa. Baada ya muda una shanga zenye upana mmoja, zimelingana.

Kwa nini kigae kinaweza? Kwa sababu ya mchanga uliomo ndani ya ule udongo wa mfinyanzi. Katika kipimo cha ugumu wa madini, ambacho almasi ndiyo 10, chembe za mchanga wa kwatzi ni 7. Kombe ni kama 3 na ushei. Mwenye 7 humkwaruza mwenye 3, kwisha habari. Kwa hiyo chungu kilichovunjika jikoni hakikutupwa, kiligeuka mashine. Hii ilikuwa jua kali kabla ya neno jua kali. Hata msasa, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ni mti, na majani yake yanayokwaruza ndiyo yaliyotumika kusugulia mbao.

Lakini ujanja wa kigae una mpaka. Ukileta jiwe ambalo lenyewe ni kwatzi, ni 7 kwa 7. Utasugua mpaka mikono iishe. Hapo ndipo hadithi inapovuka bahari.

Akiki, lile jiwe jekundu la pete na shanga, lilifika kwetu kutoka Gujarat, India, limeshang'arishwa. Mafundi wa Khambhat wameishika kazi hiyo kwa karne nyingi. Jiwe linachomwa taratibu ndani ya majivu ili wekundu utoke. Linapasuliwa kwa nyundo ya pembe ya nyati juu ya ncha ya chuma. Linasuguliwa kwa unga wa korandamu, ambao ni 9, na kutobolewa kwa keke ya uta yenye vipande vya almasi. Mwisho shanga zinatiwa kwenye mfuko wa ngozi pamoja na maji na unga wa mawe, na watu wawili wanausukumiana huku na huku, siku baada ya siku, mpaka mawe yang'arishane yenyewe.

Siri ya tufe ni hiyohiyo popote: liguse kila upande kwa kiasi sawa. Leo mtu anayejitengenezea mashine ya matufe nyumbani hufunga vipande viwili au vitatu vya paipu kwenye mota ndogo, akaliweka jiwe katikati. Tufe ndilo umbo pekee linalokaa sawasawa kwenye midomo hiyo ya duara hata ukiligeuza vipi, basi chochote kilichozidi kinaliwa. Anaanza na unga wenye chembe kubwa, anashuka hatua kwa hatua hadi ulio laini kabisa. Chembe moja kubwa ikibaki kwenye hatua ya mwisho, mkwaruzo unarudi na yeye anarudi nyuma.

Haya, na sisi tulipeleka nini? Angalia bilauri. Leo ukisema bilauri unaomba ya kunywea maji, lakini neno hilo la Kiarabu asili yake ni jiwe: kwatzi safi, inayopenya mwanga. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliandika kwamba bilauri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanj. Vipande vyake vimepatikana Shanga, na kwa wingi Dembeni, kisiwani Mayotte. Madagaska inatajwa kuwa chimbuko kubwa. Jiwe lilipita mwambao huu likiwa ghafi. Kwenye hazina ya kanisa la San Marco, Venice, kuna birika la bilauri lenye jina la khalifa al-Aziz, aliyetawala Misri kuanzia 975 hadi 996. Watu wanalipangia foleni. Wanaambiwa ni kazi ya Kifatimi. Bahari yetu haitajwi.

Huu ndio mtindo tunaoujua hadi leo: ghafi inatoka, kilichong'arishwa kinarudi na bei mpya, na jina linalobaki ni la aliyesugua mwisho. Ndiyo maana navipenda vile vigae. Having'ai hata kidogo. Ila vinathibitisha kwamba watu wa mwambao hawakukaa ufukweni wakingoja shanga za wenzao. Walisugua, kwa kifaa walichojitengenezea, kwa mali iliyokuwa karibu.

Karibu na Ozi, upande wa Kipini, kuna magofu ya Ungwana. James Kirkman aliyachimba miaka ya 1950, na George Abungu akaja kuyachunguza tena pamoja na makaazi mengine ya delta. Wengi wakifika huko wanapiga picha misikiti na makaburi. Ukienda, tazama pia chini. Kigae chenye mfereji ukikiona popote pwani hii, usikitie mfukoni; tangu 2006 sheria ya makumbusho na turathi inakilinda. Chuchumaa tu, upitishe macho kwenye ule mfereji. Kuna mtu aliusugua mpaka ukawa na kina hicho, na shanga zake zikaenda na wavaaji.