Ngoma ya Karagwe na Jiwe la Tara: Visasili vya Kifalme katika Bunilizi ya Kihistoria ya Vijana

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna visasili vya kifalme vinavyoingia katika bunilizi ya kihistoria iliyoandikwa kwa ajili ya vijana, kwa kulinganisha mapokeo ya Karagwe na yale ya Ireland. Hoja kuu ni kwamba kisasili hakiingii kitabuni peke yake. Huingia pamoja na madai ya utawala yaliyokizaa. Makala yanaonesha jinsi madai hayo yalivyotumika Ireland hadi mwaka 1916 na yalivyopotoshwa katika eneo la Maziwa Makuu hadi mwaka 1994. Kisha yanabainisha mambo ambayo mwandishi wa Kiswahili hana budi kuyazingatia anapoitumia hazina hiyo.

1. Utangulizi

Kamuli ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi Wilaya ya Kyerwa ilipoanzishwa mwaka 2012. Mtoto anayekulia huko aghalabu husikia Kinyambo nyumbani na hujifunza kusoma kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa kuwa ya kufundishia katika shule za msingi nchini mwaka 1967. Masimulizi ya Wachwezi, ya ngoma za kifalme na ya wafalme waliogeuka simba yamo katika lugha ya kwanza. Vitabu vimo katika lugha ya pili. Swali la makala haya linazaliwa katika pengo hilo: kisasili kinapovuka kutoka simulizi ya wazee hadi kitabu cha kijana, kinabeba nini na kinaacha nini?

Ireland inafaa kwa ulinganishi kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ambayo visasili vyake vimezaa riwaya nyingi za kifantasia kwa vijana. Pili, vijana wengi huvipata visasili hivyo kwa Kiingereza, si kwa Kiayalandi vilimoandikwa mwanzo. Hali hiyo inafanana na ya Kinyambo mbele ya Kiswahili, ingawa Kiswahili hakikuingia Karagwe kwa njia ambayo Kiingereza kiliingia Ireland.

2. Malighafi ya Kisasili

Mapokeo ya magharibi ya Ziwa Victoria yanawataja Wachwezi kuwa watawala wenye uwezo usio wa kibinadamu, waliotawala kwa muda mfupi kisha wakatoweka. Katika toleo mojawapo, Wamara, wa mwisho wao, alishuka kuzimu kwa Kintu, akakirimiwa na kupewa ng'ombe, akaahidi kulipa fadhila, kisha akasahau. Kintu alimtuma Rufu, yaani Kifo, kudai deni, na Wachwezi wakajitosa majini. Tangu hapo hawakuhesabiwa kuwa wafu wa kawaida, bali waliendelea kuabudiwa kama mizimu.

Kwa upande wa Ireland, Tuatha Dé Danann ni jamii ya miungu inayosimuliwa kuwa ilishindwa na wahamiaji waliofuata, ikaingia chini ya vichuguu vya kale na kuendelea kuishi huko. Utendi mkuu wa nchi hiyo, Táin Bó Cúailnge, unahusu vita vya kumpora fahali. Msikilizaji wa jamii ya wafugaji wa Karagwe asingehitaji kuelezwa kwa nini ng'ombe mmoja aliweza kuingiza falme vitani.

Mfanano wa ndani zaidi umo katika ithibati ya utawala. Mwaka 1861 Speke alipokelewa na Rumanyika, mfalme wa Karagwe, na katika kitabu chake cha 1863 alieleza aliyosimuliwa. Ndagara alipofariki, wanawe walishindania kiti. Iliwekwa mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kwa umbo lakini nzito kwa dawa, na Rumanyika peke yake ndiye aliyeweza kuiinua. Speke alielezwa pia kwamba katika moyo wa maiti ya babu yake Rumanyika alitoka mwanasimba, na simba waliozaliwa naye wakawa jeshi la kuilinda nchi. Katika mapokeo ya Ireland, jiwe la Lia Fáil lililoko Tara lilipiga ukelele lilipokanyagwa na mfalme halali. Ngoma na jiwe hutenda kazi moja: huondoa mzozo wa kurithi mikononi mwa binadamu na kuukabidhi kwa kitu kisichoweza kuhojiwa. Mzozo wenyewe, pamoja na ndugu walioshindwa, hufichwa nyuma ya muujiza.

3. Njia za Kuingia Kitabuni

Visasili vya Ireland vilihifadhiwa na watawa katika miswada ambayo ya zamani zaidi iliyosalia ni ya karne ya 12. Lady Gregory aliviweka katika Kiingereza chenye lafudhi ya wakulima wa Kiltartan katika Cuchulain of Muirthemne (1902), na alikiri kwamba aliyaacha mengi aliyodhani wasomaji wake wasingeyajali. Rosemary Sutcliff, mwandishi wa Kiingereza, alivisimulia upya kwa vijana katika The Hound of Ulster (1963). Pat O'Shea, katika The Hounds of the Morrigan (1985), aliwachukua watoto wa Ireland ya karne ya 20 na kuwaingiza katika vita vya miungu. Hatua hizo tatu, yaani mswada, usimulizi upya na ubunifu huru, zilichukua takribani miaka 800.

Karagwe ilipita njia tofauti. Maandishi ya mwanzo yalikuwa ya wageni: Speke, kisha Stanley, aliyefika mwaka 1876 na kueleza hazina ya Rumanyika yenye sanamu za ng'ombe na ndege zilizofuliwa kwa metali. Wenyeji wa eneo walifuata. F. X. Lwamgira aliandika historia ya wafalme wa Kiziba kwa Kihaya, Israel Katoke alichapisha The Karagwe Kingdom mwaka 1975, na M. M. Mulokozi alizichunguza tendi za enanga za Wahaya katika tasnifu yake ya mwaka 1986. Hazina hiyo imebaki zaidi katika Kihaya na Kiingereza, na katika rafu za wanazuoni.

Kiswahili cha shule, kwa upande wake, kiliwapa vijana fantasia nyingine. Mwaka 1929 kilitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Haggard ya 1885, ambamo Mwingereza hugundua ufalme wa Kiafrika uliojificha na kumrudishia kiti mrithi halali. Kijana wa Karagwe aliyeisoma alikutana na ufalme wa kubuni wa kusini, ilhali ufalme wa nyumbani, wenye ngoma na makumbusho ya mababu, haukuwamo katika kitabu chochote cha hadithi cha Kiswahili alichopewa. Shaaban Robert alipobuni Kusadikika (1951), alichagua nchi isiyo na mahali duniani. Uamuzi huo ulimpa uhuru wa kuukosoa utawala, lakini uliiacha historia ya mahali mahususi bila sauti.

Baada ya uhuru, uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963 na fasihi ilitakiwa kujenga taifa. Mashujaa wa kale waliokubalika walikuwa wale waliompinga mkoloni: Kinjeketile katika tamthilia ya Ebrahim Hussein (1969) na Mkwawa katika Mukwava wa Uhehe ya Mulokozi (1979). Mulokozi aliendelea na historia katika riwaya zake za vijana, zikiwamo Ngome ya Mianzi na Moto wa Mianzi. Kigezo hicho kiliwabagua Wachwezi na Ruhinda, kwani hawakupigana na Mzungu yeyote. Habari zao ni za nani alimtawala nani kabla Mzungu hajafika, na hilo ndilo jambo ambalo taifa changa lilitaka lisahaulike.

4. Uzito wa Kisasili

Tahadhari hiyo haikuwa woga mtupu. Mwaka 1908 Patrick Pearse alianzisha Scoil Éanna, shule ya wavulana iliyopambwa kwa picha ya Cú Chulainn akiwa mtoto anayetwaa silaha, huku akijua kwamba maisha yake yatakuwa mafupi. Mwaka 1916 Pearse aliongoza uasi wa Dublin, baadhi ya wanafunzi wake wa zamani wakiwamo, naye akauawa kwa kupigwa risasi. Sanamu ya Cú Chulainn anayekufa iliwekwa mwaka 1935 katika Posta Kuu, makao ya uasi huo. Mwishoni mwa karne ya 20 shujaa huyohuyo alichorwa katika kuta za Belfast na wapinzani wa urithi wa Pearse, wakimwita mlinzi wa Ulster. Kisasili kimoja kiliwahudumia maadui wawili, na wote wawili walikielekeza kwa vijana.

Katika Maziwa Makuu gharama ilikuwa kubwa zaidi. Katika kitabu kilekile alimosimulia ngoma na simba, Speke alijenga nadharia kwamba watawala wafugaji wa eneo hili walikuwa jamii bora iliyotoka Uhabeshi na kuwatiisha wakulima. Masimulizi ya kutukuza ukoo yaligeuzwa kuwa sayansi ya mbari, nayo ikafundishwa katika shule za kikoloni za Rwanda na Burundi. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa wa Rwanda Léon Mugesera alihutubia akidai Watutsi warudishwe Uhabeshi kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilielea katika mto Kagera, mpaka wa Karagwe na Rwanda, hadi Ziwa Victoria, na maelfu ya wakimbizi walipiga kambi upande wa Tanzania.

5. Hitimisho

Historia hii haimaanishi kwamba Wachwezi wasiandikwe. Kisasili kilichoachwa kwa wageni na wanasiasa ndicho kilicholeta madhara, kwa kuwa kilisomwa katika toleo moja. Mapokeo yenyewe yana matoleo mengi. Yanasema Ruhinda alikuwa mwana wa Wamara, lakini pia kwamba mama yake alikuwa mjakazi, Njunaki. Yanamtaja Nono wa ukoo wa Wasita, aliyetawala Karagwe kabla Ruhinda hajaitwaa. Yanamweka mfua chuma kando ya mfalme, maana nyundo ni alama ya enzi, na bila mfuaji hakuna nyundo.

Riwaya ya vijana inayoanza kwa Nono, au kwa ndugu aliyeshindwa kuinua ngoma, au kwa mfuaji asiyeruhusiwa kurithi alichokifua, ingebakia na maajabu yote ya kisasili huku ikiyarudisha madai yake mahali pa kuhojiwa. Kiswahili kina nafasi ya pekee katika kazi hiyo: si mali ya Wahinda wala ya Wasita, si ya Wahima wala ya Wairu. Msomaji wa Kamuli, aliyezaliwa ng'ambo ya mto uliobeba matokeo ya toleo moja, ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuyasoma mengine.