Delamere wa Shaba na Kimathi Aliyesimama

Makabaila wa Uingereza wa karne ya 18 walichorwa kwa rangi za mafuta, mara nyingi mkono ukiwa upangani, wakatundikwa kumbini mwao. Nairobi ya kikoloni ilikwenda mbali zaidi: sanamu ya Lord Delamere (1870–1931), mlowezi na mwanasiasa, kazi ya Kathleen Scott, ilikalishwa barabarani, machoni pa wasioalikwa ukumbini. Sanamu haimwombi mpita njia ridhaa. Uhuru wa 1963 haukuivumilia. Ilihamishiwa Soysambu, na Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Hatua chache kutoka hapo, mwaka 2007, ilizinduliwa sanamu ya Dedan Kimathi, bunduki mkononi. Hiyo, kwa hakika, hasa yaijibu picha: ile ya 1956 iliyomwonyesha amelala, pingu mikononi.