Kisukari cha kurithi na ujauzito

Wadau, huku kwetu Issenye, wilayani Serengeti, mtoto akizaliwa na kilo nne na nusu tunashangilia: kidume hicho! Sawa, ila tuulizie na sukari ya mama.

Kisukari kingi kina sababu nyingi kwa pamoja. Lakini kuna kinachotokana na kasoro ya jini moja tu, kinaitwa MODY. Mzazi mmoja akiwa nacho, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kukirithi.

Kwenye ujauzito mambo yako hivi: sukari ya mama inapita kwenye kondo la nyuma, insulini yake haipiti. Mtoto anatengeneza insulini yake mwenyewe, na hiyo ndiyo inamkuza.

MODY ya jini la GCK hupandisha sukari kidogo tu, mtu hasikii kitu. Mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba mama akiwa nayo na mtoto hakurithi, mtoto anazidi gramu kama 600. Akirithi kwa baba tu, anapungua kama 500. Wakiwa nayo wote wawili, mama na mtoto, uzito ni wa kawaida.

Ya HNF4A ni tofauti. Aliyerithi, hata kwa baba, anazidi karibu gramu 800, na akishazaliwa sukari yake inaweza kushuka vibaya.

Mtoto mkubwa anaweza kukwama mabega wakati wa kuzaliwa. Kwa hiyo dada, siku ya kwanza kliniki taja kisukari cha ukoo wako na cha ukoo wa mumeo, upimwe sukari mapema. Na wewe kaka, kama mzee wako ana kisukari, mwambie mkeo. Usimfiche.